Chupa ya Maji ya Betri

Mutinda,

Nakusikia huko nje ukigombana na kamba ya katani na lile sanduku lako. Kati yangu na wewe kuna ukuta wa udongo tu, na ningeweza kukuita uje tuketi tuzungumze. Nimejaribu mara mbili tangu asubuhi. Mara ya kwanza nilikuuliza kama viatu vinakubana. Mara ya pili nikakuambia jua ni kali. Basi nimechukua karatasi, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Mambo ya nguo, chakula, kusali na kutokaa na walevi mama yako ameshayasema, na atayasema tena kesho mpaka lori lipotee machoni. Mimi sitayarudia. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kikamba chetu, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwa Kiswahili, kule Makindu, mbele ya watu wa makabila mbalimbali. Tena Kikamba ni lugha ya marehemu mama yangu, na hili sipendi alisikie.

Kesho unakwenda kwa Kilonzo kujifunza kazi ya betri. Unajua kwamba ndiye anayechaji betri za malori na motokaa zinazopita barabara ya Mombasa, na unajua kwamba zamani nilifanya kazi naye kwenye gari moja. Hukuwahi kuniuliza kwa nini mtu niliyekula naye sahani moja miaka minne hajawahi kukanyaga boma letu. Leo nakuambia. Na nikuonye mapema: mimi nikishayasema haya mbele yake, huenda ile nafasi yako isiwepo tena. Najua ulivyoingoja, na ndiyo maana nimeanza barua hii mara tatu.

Ngoja nianze na betri yenyewe, maana hata sasa nikiifikiria nasahau aibu yangu kidogo.

Lori la tajiri wetu lilikuwa la namna mpya siku hizo. Kwa yale ya zamani ulishika hendeli pale mbele, ukazungusha mpaka bega likaomba msamaha, na injini ikajitolea cheche yenyewe. Hili letu lilitaka cheche kutoka kwenye betri. Betri ikiisha, hata uzungushe hendeli mpaka Krismasi, injini inanyamaza tu. Nilipoambiwa hivyo nilishindwa kulala. Sanduku jeusi, ndani yake maji, na kutoka kwenye maji unatoka moto! Nani aliwaza jambo hilo kwanza, na alikuwa anatafuta nini?

Siku moja nilifungua vile vifuniko vyake vidogo nikaweka sikio. Betri ilikuwa inanong'ona, vipovu vidogo vidogo vinapanda na kupasuka. Palikuwa na giza mle ndani, nikawasha kiberiti nione vizuri. Usije ukafanya hivyo hata siku moja. Ulitoka mlio, nyusi zangu zote mbili zikaenda, na tindikali ikanirukia suruali. Nashukuru Mungu macho yalipona. Suruali haikuonyesha kitu mpaka mama yako alipoifua, ndipo akatoa majini kitambaa kilichojaa matundu. Alilaumu mchwa wiki nzima. Kilonzo alicheka mpaka akaketi chini.

"Nzioka," akaniambia, "wewe utauliza hiyo kitu maswali mpaka ikuue."

Kilonzo alikuwa mtu wa Nunguni, kule juu penye baridi na chemchemi. Mimi nilikuwa dereva, yeye alishughulikia mzigo, magurudumu, mafuta na maji. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Alikuwa ameshapata leseni yake, na tajiri alikuwa amemwahidi lori la pili litakapofika, aliendeshe yeye. Kila jioni alikuwa akiitoa ile leseni mfukoni, anaikunjua, anaikunja.

Betri yetu ilitengenezwa na fundi Kalasinga, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyefanya kazi ya reli kabla ya kufungua karakana yake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba betri haikubali maji ya mto wala ya kisima. Inataka maji yasiyo na kitu ndani. Nikamwuliza maji yasiyo na kitu ni maji gani. Akanionyesha. Aliweka birika jikoni, kwenye mdomo wake akafunga bomba la shaba, bomba likapita ndani ya ndoo ya maji baridi, na mwisho wake ikawa tone, tone, tone, ndani ya chupa.

"Hii maji nakufa, halafu nazaliwa tena," fundi akasema. "Chumvi yote nabaki kwa birika."

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya chumvi. Lakini macho na masikio yangu yote yalikuwa kwenye yale matone, na nilikaa nikiyatazama mpaka tajiri akatuma mtu kunitafuta. Fundi akanipa chupa imejaa. Ikawekwa chini ya kiti, na Kilonzo akawa anaongeza maji ya betri kutoka mle yanapopungua.

Ulikuwa mwaka wa ukame, nawe ulikuwa na miaka saba. Tulipita hapa Ikutha kuchukua ngozi. Kilonzo akabaki na gari sokoni, mimi nikaja kuwaona, na nikaja na ile chupa. Nilitaka mama yako ayaone maji yaliyokufa yakazaliwa tena. Alionja akasema ni maji ya mgonjwa. Wewe ukaomba. Ukayashika mdomoni, ukayameza, ukafungua mdomo tuone kama bado yapo.

"Nau, hii maji imeenda wapi?" ukaniuliza. "Nimekunywa lakini sijaikuta."

Ukanywa tena ili uyatafute. Nikanywa na mimi. Mama yako akasema tumerukwa na akili, kisha naye akanyang'anya chupa. Tulipokezana pale mlangoni, kila mmoja akieleza anachosikia ulimini, na hapakuwa na cha kusikia, na tukazidi kucheka. Sikumbuki siku nyingine tuliyofurahi hivyo mwaka ule. Chupa ikaisha.

Kabla ya kurudi kwenye gari niliijaza kwa maji ya kisima chetu cha mtoni. Usidhani nilifanya kwa uvivu. Niliyachuja kwa leso ya mama yako mara tatu. Niliyaacha yatulie. Niliiinua chupa juani, nikaona upande wa pili bila doa. Mwisho nikaonja, nikayaona matamu kabisa. Nikaziba chupa nikairudisha chini ya kiti, na Kilonzo sikumwambia, kwa sababu nilijua atanicheka kama alivyonicheka siku ya kiberiti. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu, kuogopa kuchekwa.

Kwa wiki tatu Kilonzo akaendelea kuinywesha betri kutoka kwenye chupa ile.

Madereva watakuambia betri ilikufa ghafla. Usiwaamini, wengi hawakuwa wanasikiliza. Betri huaga kwanza. Asubuhi starta inaanza kuzunguka kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa mapema. Honi inakauka. Taa zinakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi niliyasikia yote hayo, na kwa kweli yalinivutia sana. Nilikwangua kutu kwenye vichwa vya betri, nikavimwagia maji ya moto, nikavipaka grisi. Nikaanza kuegesha gari likitazama bondeni, asubuhi tunaachia breki, linateremka, linawaka lenyewe. Ujanja huo ni mzuri na utautumia sana katika nchi hii yetu ya vilima. Kwangu mimi ulifanya kitu kimoja tu: ulinipa nafasi ya kutotafuta ugonjwa wenyewe.

Siku yenyewe tulikuwa tumepakia mbuzi wa tajiri kutoka upande wa Mutomo, wawahi treni Makindu. Tukavuka Athi, tukafika Kikumbulyu mchana, maji ya injini yanachemka. Nikasimama ipoe. Nilisimama mahali tambarare kama meza, pana mchanga, na injini nikaizima. Kichwa kilikuwa kwenye treni.

Baada ya muda nikabonyeza starta. Ikatoa sauti moja ndogo, ikanyamaza. Sasa nisikilize, hapa kuna jambo nililolipia. Betri ikikuambia hivyo, ondoa mguu. Ndani bado kumebaki kidogo, na hicho kidogo kinaweza kutoa cheche watu wakikusukuma. Zima kila kitu, shuka, tafuta watu, tafuta mteremko. Mimi nilibonyeza mara kumi na mbili, huku nikitukana. Kile kidogo nilikimaliza mwenyewe kwa hasira. Watu walipokuja kusukuma, magurudumu yakazama mchangani na hata cheche moja haikutoka. Kilonzo alizungusha hendeli mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ikabidi tuifungue betri tuipeleke Makindu kwa miguu, mwendo wa nusu siku. Ni nzito, na huwezi kuiweka begani, kwani ikiinama tindikali itakumwagikia. Kilonzo akaazima kyondo cha mama mmoja wa pale, akaiweka betri ndani, akavaa mkanda kwenye paji la uso na mzigo ukakaa mgongoni, kama wanawake wanavyobeba kuni. Unajua mwanamume wa Kikamba akibeba hivyo inakuwaje. Wanaume waliokuwa wakisukuma walipiga kelele.

"Mwaitu, kuni ni ya kupika nini leo?" mmoja akamwuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

Kilonzo hakugeuka. Alitembea wima njia nzima, na hakuna tone lililomwagika. Mimi nilifuata nyuma nimebeba chupa. Mbuzi tuliwaacha kwa wenyeji, na wenyeji wenyewe hawakuwa na maji ya kutosha. Wengi walikufa, na waliobaki hawakuwahi treni.

Kule karakana fundi alifungua betri, akachungulia, akanusa. Kisha akataka chupa. Akamimina kidogo kiganjani, akalamba, akatema.

"Chumvi," akasema.

Tajiri, aliyekuwa Makindu akiwangoja mbuzi wake, akauliza, "Nani anatia maji hapa?"

"Ni mimi," Kilonzo akasema. "Nachukua kwa hii chupa. Siku zote ni hii chupa tu."

Tajiri akaonja, akatema. Kilonzo akaonja, akatema, akaitazama chupa kwa mshangao wa kweli. Kisha chupa ikanifikia mimi. Nilikuwa nimetembea nusu siku juani. Nikanywa funda zima, nikameza, na nikasema kile nilichokisikia ulimini mwangu.

"Mimi naona ni maji mazuri tu."

Fundi aliinua kichwa akanitazama. Halafu Kilonzo akanitazama. Mle ndani palikuwa na watu wanne, na mmoja tu ndiye hakuisikia chumvi. Sisi wa huku tumezaliwa kwenye chumvi hii, Mutinda. Mama zetu walitupikia uji nayo, tumenawa nayo, na kwetu sisi hiyo ndiyo ladha ya maji. Mgeni kutoka Nunguni akinywa chai yetu anauliza nani ameiharibu. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipoyaona yale macho manne yamenielekea.

Tajiri hakuona kitu, alikuwa anapiga kelele juu ya mbuzi wake. Akamwambia Kilonzo aondoke saa ileile, na habari ya lori la pili asahau. Kilonzo akafungua mdomo. Niliona kwa macho yangu alivyoufungua. Halafu akaufunga, akachukua blanketi lake, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Ile kyondo ni ya yule mama wa Kikumbulyu," akaniambia. "Uirudishe."

Akashika njia ya Nunguni kwa miguu. Kyondo nilikirudisha. Ni jambo moja nililofanya sawasawa wiki ile.

Ningeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mimi ndiye niliyejaza chupa. Badala yake nilijiambia Kilonzo hana mtoto na mimi nina Mutinda, Kilonzo ana shamba la kumlisha na sisi hapa tuna ukame. Nilikutumia wewe kuwa sababu, na wewe ulikuwa huku unacheza na mawe, hujui umetumiwa. Nimeendesha lile lori miaka kumi baada ya hapo. Viatu ninavyokuuliza kama vinakubana vimetoka humo.

Mama yako alijua tangu nilipofika nyumbani na habari ya Kilonzo kufukuzwa, maana alikuwepo tulipoimaliza chupa. Hakunigombeza. Kila mwaka mara moja aliniuliza, "Umemwambia Kilonzo?" Tangu juzi swali limebadilika. Sasa ananiuliza kama nimekuambia wewe.

Kilonzo alilima kwao miaka miwili. Kisha yule fundi mzee akamtumia salamu aje afanye kazi karakana. Mimi nilijiuliza sana: kwa nini yeye? Palikuwa na vijana wengi Makindu. Nadhani mzee alijua alichokiona siku ile, na akalipa kwa njia yake. Alipoondoka nchini alimwachia Kilonzo vyombo vyote. Tangu hapo nimempelekea Kilonzo betri za tajiri mara nyingi. Ananisalimu vizuri. Anachaji, ananirudishia, ananiambia kama kuna bamba la ndani lililochoka. Nami nimeiuliza betri maswali elfu moja, lakini yeye sijamwuliza hata moja. Kwa nini ulinyamaza, Kilonzo? Uliiona kweli waziwazi. Leseni ilikuwa mfukoni mwako. Ungesema neno moja tu.

Utasikia watu wakisema kuuliza sana kunaharibu mtu. Usiwasikilize. Uliza mpaka wakuchoke. Mimi sikuharibikiwa kwa kuuliza, niliharibikiwa siku nilipopita karibu na swali lililonihusu nikajifanya sikuliona. Nimegundua kwamba nina ushujaa mwingi mbele ya mashine na mchache sana mbele ya mtu. Sijui kama jambo hilo linarithiwa. Jitazame.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba akuchukue. Alikuwa ananawa mikono kwa magadi, kuondoa tindikali. Alinawa muda mrefu.

"Anasikia chumvi?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Mlete," akasema, akaendelea kunawa.

Basi, ulimi wako usiuamini, maana ni wetu huu huu wa Ikutha. Maji yoyote usiyoyajua, weka kidogo kwenye kifuniko cha bati, yakaushe motoni. Yakiacha weupe, usiyatie kwenye betri hata kama mwenye gari analia. Hilo nililipata mwenyewe baadaye, kwa kujaribu kila kisima kutoka hapa hadi Makindu. Kisima chetu kiliacha weupe wa kuweza kuandikia jina.

Nilikuwa nimeandika barua nyingine, fupi, umpelekee Kilonzo. Nimeichana sasa hivi. Nikikutuma na barua ile, nitakuwa nimekutanguliza wewe mbele yangu tena, kama mwaka ule. Kwa hiyo kesho tunapanda lori wote wawili. Mama yako hajui bado, lakini sidhani kama atashangaa. Tutafika karakana, na kabla hujaweka mzigo wako chini nitamwambia Kilonzo kwamba mimi ndiye niliyejaza chupa, na nitamwambia mbele yako na mbele ya wateja wake kama wapo.

Akikukataa, ana haki, tutarudi pamoja, na njia nzima unaweza kunikasirikia mimi. Yeye usimkasirikie hata kidogo. Akikukubali, baki, fanya kazi yake vizuri kuliko ambavyo ungeifanya yangu, na mimi nitarudi peke yangu.

Ila kabla hajaamua lolote nitamwuliza kwa nini alinyamaza. Nimebuni majibu yake mengi miaka hii, mengine ya kunisamehe, mengine ya kunitemea mate, na hakuna hata moja ninaloliamini. Naliogopa jibu hilo, mwanangu, na nataka kulisikia kuliko nilivyowahi kutaka kujua kitu chochote. Chochote atakachosema, usitoke nje kwa kunionea aibu. Simama hapo usikie naye.

Nau wako,
Nzioka